Nilipaka Kijani Silanga Lililokauka

Mimi ni mwongo. Naanza hapo hapo ili msije mkanihurumia mkiwa katikati ya hadithi. Nimemaliza mifugo ya mtu aliyenilea, na kuna mama wa watu amelala kaburini kwa ajili yangu, na sijawahi kushika hata fimbo. Nilitumia kidole kimoja, kwenye laptopu, ndani ya chumba chenye feni.

Jina langu nimelificha. Mji siufichi, ni Garissa. Wenzangu wa hapa wakinitambua, basi wanitambue, nimechoka.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ya Agosti ikaja tangazo kwamba kuna mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari, wiki tatu, bila malipo. Hooyo, mamangu, hakutaka. "Likizo ni ya kunisaidia dukani," alisema, "si ya kwenda kukodoa macho kwenye kioo." Nilimsumbua mpaka akakubali ili apate amani.

Tulikuwa kama ishirini hivi, wasichana sita tumejipanga mbele karibu na dirisha. Mwalimu alitoka Nairobi, kijana mcheshi, tulimwita Mwalimu Oti. Siku ya kwanza alisimama akasema, "Sikieni wasee, sitaki programu ya kuonyesha. Nataka kila mtu atengeneze kitu ambacho mtu wa kwao atakitumia. Mtu mwenye jina. Umfikirie huyo mtu ukiandika."

Mimi nilimfikiria Adeer Bishaar.

Adeer ni mdogo wake baba. Baba alipofariki nikiwa mdogo, Adeer ndiye aliyesema huyu msichana atasoma. Kila mwanzo wa muhula alikuwa akitoa mnyama mmoja kundini na kumshusha sokoni. Yeye mwenyewe aliishi na mifugo yake upande wa Wajir Kusini, kuelekea Diff, pamoja na familia nyingine nne alizokuwa akihama nazo kila msimu. Mtu mrefu, mpole, anacheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha.

Basi nikatengeneza programu ya maji. Niliorodhesha masilanga, yale mabwawa yaliyochimbwa kukinga maji ya mvua, pamoja na visima vya mashine vya upande ule. Kila kimoja na rangi yake: kijani kuna maji, njano yanakaribia kwisha, nyekundu pamekauka. Saa kumi na mbili jioni, kama kuna rangi iliyobadilika, programu inajituma yenyewe, meseji fupi ya Kisomali, kwa kila simu iliyoandikishwa. Niliandikisha simu kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa ya Adeer.

Na msidhani nilikuwa mvivu! Asubuhi kabla ya darasa nilipita kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, nikawauliza maziwa yametoka wapi na huko hali ikoje. Nilipigia simu madereva wa malori ya mifugo. Kila jibu niliandika, na jina la aliyelisema, na siku. Wiki mbili nzima programu yangu ilisema kweli. Mara mbili ilimwepusha Adeer na safari ya bure, na mara zote mbili alinipigia kunishukuru.

Ndiyo maana aliniamini. Laiti ningekuwa mzembe tangu mwanzo!

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze ninyi mlio mbali. Kwetu watu hawahami hivi hivi. Kabla familia haijang'oa nyumba, hutumwa mtu atangulie. Anakwenda siku mbili, siku tatu, anatazama nyasi kwa macho yake, anaonja maji, anauliza kama kuna ugonjwa, kisha anarudi na kusema. Hiyo inaitwa sahan. Mtu wa sahan anaweza kuwa mwongo katika mambo yake yote, mwongo wa deni, mwongo wa ndoa, lakini habari ya sahan hadanganyi. Nimelelewa nikisikia hivyo. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Wiki ya tatu ikafika. Alhamisi ilikuwa siku ya kuonyesha kazi zetu mbele ya wageni, na mshindi angepata laptopu na nafasi ya kwenda kwenye mashindano makubwa Nairobi. Mvua za Gu, yaani za masika, zilikuwa zimetutupa mwaka ule. Kwa hiyo orodha yangu ilikuwa nyekundu, nyekundu, nyekundu, njano moja, nyekundu.

Mwalimu Oti alipita nyuma yangu akaitazama. "Dah! Hii screen yako inatisha. Wageni watadhani haifanyi kazi."

Hakuniambia nibadilishe. Namsafisha kabisa, hakuniambia. Alicheka tu akaenda kwa mwingine.

Lakini pembeni yangu kulikuwa na kijana mmoja, ametengeneza mchezo wa mpira, wachezaji wanakimbia, rangi tele, watu wamemzunguka wanashangilia. Nami nimekaa na wekundu wangu. Wivu ulinipanda hadi kooni! Nikajiambia, kwani ni kwa saa mbili tu. Nitabadilisha mistari mitatu, wageni wakiondoka narudisha.

Mistari miwili niliichagua ya mbali ambako sikuwa na mtu. Wa tatu ulikuwa Harodheer, silanga kubwa, mwendo wa siku nne kutoka alikokuwa Adeer. Nikaandika kijani. Programu ilikataa kupokea bila jina la aliyeleta habari, maana nilikuwa nimeiandika hivyo mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nikaweka jina langu.

Wageni walifurahi. Mama mmoja aliyevaa miwani aliniuliza, "Na hawa watu kweli wanaitumia?" Nikamjibu kwa kiburi, "Wanaitumia kila siku." Tulipiga picha, tukanywa soda, tukacheka, nikaenda nyumbani nikipepea.

Sikurudisha ile mistari. Sikuzima kutuma. Saa kumi na mbili ilifika nikiwa jikoni namsimulia Hooyo jinsi nilivyopigiwa makofi.

Mpaka hapo lilikuwa kosa. Kosa ningeweza kuishi nalo. Ngojeni.

Ijumaa baada ya swala, simu ikalia. Adeer. Kule aliko hakuna mtandao, hupanda juu ya kichuguu kimoja ndipo simu inashika, kwa hiyo sauti yake huja na upepo.

"Nimesoma," alisema. "Harodheer kuna maji?"

Nilitoka nayo uani, mbali na masikio ya Hooyo.

"Nilikuwa nimemwandaa mtu wa sahan aondoke kesho," akaendelea. "Mbuzi wamechoka, siku sita za kwenda na kurudi nilikuwa nazihofia. Sasa sina haja. Tunang'oa nyumba alfajiri, sisi sote. Allah akubariki, binti yangu. Umekuwa macho yetu."

Mimi nikasema, "Aamin, Adeer."

Hilo ndilo ungamo langu. Maneno mawili hayo!

Angekuwa amekata simu mapema, ningesema laini ilikatika. Haikukatika. Alikaa pale juu akaniuliza kuhusu shule, akaniuliza Hooyo anaendeleaje na miguu yake. Alinipa nafasi tano, sita, za kusema. Mimi nilikuwa nawaza Jumatatu. Matokeo yangetangazwa Jumatatu, na kila meseji ya programu ilikuwa pia inaingia kwenye simu ya Mwalimu Oti. Nikituma ya kusahihisha, angejua nilipika habari. Ningetolewa mbele ya wote. Ningechekwa na yule wa mpira.

Nikajidanganya kwamba pengine kuna maji kweli. Nani amekwenda Harodheer kuona? Jioni ile niliswali, nikakaa kwenye mkeka nikamwomba Mungu alete mvua Harodheer, ageuze uongo wangu uwe kweli. Astaghfirullah! Nilitaka Mwenyezi Mungu anisaidie kushinda laptopu.

Jumamosi mchana dereva mmoja wa lori, naye alikuwa kwenye orodha yangu, akanipigia. "Abaayo, dada yangu, nani alikuambia Harodheer kuna maji? Mimi nimepita huko juzi. Hiyo silanga imekufa, hakuna kitu, ni mavumbi tu na mifupa."

"Nitaangalia," nikamwambia.

Sasa nilijua. Nikampigia Adeer. Mteja hapatikani. Nilipiga mara moja tu, ndugu zangu, na ilipokataa, nilihisi nafuu! Nikajiambia nimejaribu. Namba ya chifu wa upande ule ilikuwa nyumbani, Hooyo aliiandika ukutani kwa kalamu. Chifu angemtuma mtu kwa pikipiki, angewakuta siku ya kwanza tu ya safari, mitungi yao bado imejaa. Niliitazama ile namba ukutani. Nikaenda kufua.

Jumatatu nilishinda. Waliniita mbele. Laptopu mpya ndani ya boksi lake, na Mwalimu Oti akanihamishia programu yangu humo. Akanipiga bega, "Umetuweka kwa ramani, dada!"

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya na laptopu yangu mpya ni kuandika: Harodheer hakuna maji, msiende. Nikatuma. Niliwaambia mtandao umechelewa kuniletea habari, uongo juu ya uongo.

Programu yangu ilikuwa na safu ya mwisho inayoonyesha kama meseji imefika. Niliijivunia sana safu ile nilipoitengeneza. Simu kumi na tatu ziliandika: imefika. Ya Adeer iliandika: haijafika.

Jumanne, haijafika. Jumatano, haijafika. Nilikuwa nafungua laptopu kabla ya kunawa uso. Hooyo akadhani nimezama kwenye masomo, akaanza kunisifu kwa majirani. Alhamisi, haijafika. Sikuweza kula. Upepo ukigonga bati naruka.

Ijumaa asubuhi nikafungua. Imefika.

Nikaisubiri simu yake. Meseji imefika maana yake simu imeshika mtandao, maana yake yuko mahali, maana yake yu hai! Nikakaa nayo mapajani siku nzima. Haikulia. Jumamosi haikulia. Jumapili aliyepiga si yeye, alikuwa binamu ya Hooyo, na nilijua kutokana na jinsi Hooyo alivyokaa chini taratibu akishika ukuta.

Walifika Harodheer siku ya nne. Udongo umepasuka, unaweza kuingiza mkono mzima kwenye ufa. Mbuzi walilala pale pale ukingoni wakakataa kusimama. Maji yaliyokuwa yamebaki kwenye mitungi Adeer aliwapa watoto na wazee, yeye akanyonya kitambaa chenye unyevu. Waligeuka kutafuta kisima cha mashine kilichokuwa mwendo wa siku mbili na nusu. Ngamia wenye nguvu walifika. Wengine waliachwa njiani wamepiga magoti.

Katika zile familia nne kulikuwa na mama mmoja mzee, Ayeeyo Halima, yaani Bibi Halima, amefungwa juu ya ngamia kwa sababu hawezi kutembea. Mimi namjua. Aliwahi kunisuka nywele nikiwa mdogo, akanivuta mpaka nikalia, kisha akanipa tende. Siku ya pili ya kuelekea kisimani walimteremsha wakakuta ameshakwenda. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Walimzika kando ya njia, wakaweka miba juu ili fisi wasimfukue.

Pale kisimani watu wakauliza. Ni lazima waulize. Nani aliyeleta habari ya Harodheer?

Adeer alikuwa ameshashika simu yake. Ilikuwa imeshika mtandao. Meseji zangu zote mbili za Harodheer zilikuwa ndani yake, ya Alhamisi yenye kijani, na ya Jumatatu. Angewanyooshea tu ile simu!

Akasema, "Habari ilikuwa yangu."

Wakamuuliza ulimtuma nani? Akasema, "Sikumtuma mtu. Niliona uvivu."

Hooyo alinisimulia hayo akilia. "Bishaar! Bishaar kuona uvivu! Jua limemla akili." Nami nimesimama mbele yake, laptopu nyuma yangu mezani imefungwa. Mashindano ya Nairobi nilijifanya mgonjwa, sikwenda. Ile laptopu iko chini ya sanduku la Hooyo, chaji ilikwisha zamani. Sijaandika hata mstari mmoja tangu siku ile, na nikisikia sauti ya meseji ikiingia kwenye simu ya mtu yeyote, natoka nje.

Adeer hana kundi tena. Wale ngamia waliobaki aliwapa watu wa Ayeeyo Halima, wakawapokea, wakasema wamemsamehe. Sasa anaishi hapa mjini, anasaidia kufunga mifugo kwenye soko la mifugo. Lakini kuna kitu alichopoteza ambacho ninyi wa mbali huenda msikielewe upesi.

Kwetu watu wakikutana wanaulizana, "Warran?" Yaani lete habari. Unaeleza ulikotoka, mvua, nyasi, nani kazaa, nani kafa. Ndivyo tunavyoishi kule porini. Nimemwona Adeer sokoni. Watu wanashuka kwenye lori kutoka Diff, kutoka Bute, kutoka Banissa, wanapeana habari mtu na mtu mpaka povu linatoka mdomoni. Wakifika kwake wanamwambia, "Nabad, Bishaar," amani tu, wanampita. Hakuna anayemuuliza warran. Hakuna anayetaka habari ya mtu yule tena. Amesimama na kamba mkononi, anatabasamu.

Mimi ndiye ninayeulizwa. Kila nikimtembelea, kabla sijaketi, "Warran, binti yangu?"

Nami namjibu, "Nabad, Adeer." Miaka miwili namjibu nabad!

Mwezi uliopita aliniita. Ile simu yake ya vitufe, ile ile, imegoma kupokea meseji. "Imejaa," alisema. "Wewe ndiye mtu wa mitambo. Nifutie zisizo na maana."

Nikaichukua. Nikafuta matangazo ya bahati nasibu, nikafuta salamu za Idi, nikafuta moja moja nikiteremka chini. Chini kabisa nikazikuta. Zote mbili. Jina la juu ni programu yangu, na mwisho wa ile ya kwanza, pale panapoandikwa aliyeleta habari, pana jina langu.

Nilikuwa naweza kubonyeza mara mbili tu, zitoweke. Kidole kile kile! Sijui nilipata wapi ujasiri, nikauliza bila kuinua uso, "Na hizi mbili za chini, Adeer, nizifute?"

Hakuja kutazama ni zipi. Alikuwa anakunja kamba.

"Hizo ziache," akasema. "Zina mwenyewe. Atakuja kuzichukua."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi vijana mliopewa kompyuta mkaambiwa mna akili, nisikilizeni. Siwaambii msikosee, mtakosea. Nawaambia, mtu akikushukuru kwa uongo wako, ukajua ni uongo, usiseme aamin! Piga kelele hapo hapo. Aibu ya kuchekwa darasani ingeniisha ndani ya wiki moja. Hii nyingine naamka nayo. Na usijaze pengo kwa kitu cha kubuni ukidhani hakuna anayetazama, maana upande wa pili wa kioo kuna mtu amepanda juu ya kichuguu anakusoma herufi kwa herufi.

Nimekuja kuungama kwenu kwanza kwa sababu hamuijui sura yangu. Kwake bado. Naogopa nikisema, hataonyesha hata kushangaa, na hilo ndilo sitaliweza.

Simu yake inajaa upesi, kumbukumbu yake ni ndogo. Juzi ameniita tena. Nimemfutia zote, zile mbili nimeziacha pale pale, na nilipomrudishia mkononi akaniuliza, "Warran?"